Moshi Utatokea Wapi

Watu wa Moroni walimbusu Fundi mkono kwa makosa. Huku Komoro neno fundi lina uzito zaidi kuliko nilivyolijua Unguja nilikokulia. Fundi si mtu wa nyundo na msumeno tu. Ni mwanachuoni, mtu wa kusomesha na kuulizwa masuala ya dini. Kwa hiyo habari zilipoenea mitaa ya Badjanani kwamba Fundi kutoka Mutsamudu, kisiwani Ndzuani, ameshuka na atakaa mjini miezi kadhaa, wazee walivaa kanzu safi wakaenda kumlaki. Walimkuta mtu mfupi, suruali imekunjwa hadi magotini, pimamaji kwapani, ameinama anachungulia mtaro wa jirani. Mikono yao ilikuwa imekwisha nyooshwa, wakaona haya kuirudisha. Naye akaipokea heshima yote bila kusahihisha neno.

Baadaye aliizoea. Siku moja nilikuwa naye sokoni Volo Volo tukitafuta mpira wa maji, bwana mmoja akamshika bega akamuuliza kwa unyenyekevu kama inafaa kutawadha kwa maji ya birika la mvua lililoangukiwa na mjusi.

"Birika lako lina mfuniko?" Fundi akamuuliza.

"Halina, Fundi."

"Basi tatizo lako si la dini."

Yule bwana alishukuru akaenda zake, na nasikia mfuniko aliuweka. Mashehe wa kweli hawakupata kutiiwa haraka hivyo.

Nilimjua kwa zaidi ya miaka kumi, karibu yote katika zama za mamluki, wale wanajeshi wa kizungu wa kukodiwa. Wao waliingia mwaka sabini na nane, mimi nikafika mwaka uliofuata, nimetoka Nairobi na shahada ya usanifu majengo na mkebe wa kalamu za wino. Wazazi wangu ni Wangazidja, watu wa kisiwa hiki cha Moroni, lakini mimi lugha ya kwanza kinywani mwangu ni Kiswahili, na Shingazidja changu kilikuwa cha kuchekesha watoto. Fundi naye alikuwa amefanya kazi Unguja ujanani mwake, akakijua Kiswahili vizuri, hasa cha kukaripia. Ndiyo maana tulielewana, au tuseme tuligombana bila mkalimani. Mafundi wa Moroni walijifanya hawasikii Shindzuani chake. Akisema leteni ngazi, wanaleta ndoo. Akafikia kuamuru kila kitu kwa kidole, na kidole kile nakiona mpaka leo.

Kazi iliyotukutanisha ilikuwa maabara ya utafiti, nje kidogo ya mji, kwenye mteremko wa njia ya kwenda Vouvouni. Humo wangechunguza mafuta ya maua ya ilang-ilang, vanila na karafuu, na maradhi yanayoshika mimea hiyo. Mimi niliajiriwa kuchora jengo. Yeye aliajiriwa kwa maji, umeme na hewa, vyote vitatu, kwa kuwa hakupatikana mwingine aliyejua hata viwili.

Siku ya kwanza nilimtandazia ramani mezani. Nilikuwa nimeipenda ramani ile. Kulikuwa na baraza pana, madirisha marefu yanayotazama bahari, kuta nyeupe zisizo na doa. Alitoa miwani, akaifuata kwa kidole ukuta kwa ukuta, mimi nikisubiri sifa.

"Nyumba nzuri," alisema. "Moshi utatokea wapi?"

"Moshi gani, Fundi?"

"Wa tindikali. Hawa watu watachemsha tindikali humu. Au wanakuja kutazama bahari?"

Nikamwambia, kama nilivyofundishwa, kwamba mambo ya mabomba na feni tutayatia baadaye, kuta zikishasimama. Akakunja miwani yake.

"Mtoto hazaliwi kwanza ndipo atiwe mishipa, Bi Mchoraji."

Tangu siku hiyo jina langu likawa Bi Mchoraji, na alilitamka kama mtu anayemsema mtoto aliyechora ukuta wa sebule kwa makaa.

Akachukua kalamu nyekundu na kupiga mistari miwili katikati ya ramani yangu, toka mwanzo wa jengo hadi mwisho. Hapo katikati, alisema, patakuwa na kichochoro. Vyumba vya maabara vikae huku na huku vikipeana migongo, na mabomba yote, nyaya zote na njia zote za hewa zipite ndani ya kichochoro hicho, ili fundi akitaka kuziba tundu aingie kwa mlango wake wa nyuma bila kumsumbua mtu aliyeshika chupa ya sumu. Nikamwambia kichochoro kinakula nafasi ya kila chumba. Akasema Mutsamudu mji mzima umejengwa hivyo, nyumba zinapeana migongo na watu wanapita katikati, na hakuna mwenye nyumba aliyewahi kulalamika kwamba njia imemla. Nikasema huo ni mji, hili ni jengo. Akasema tofauti ni paa tu.

Miaka mingi baadaye nilikuja kuona kwenye vitabu vya wasanifu wakubwa michoro ya maabara yenye kichochoro kama kile kile, imeelezwa kwa kurasa nyingi. Sikumwambia. Angekuwa hakaliki.

Alikuwa na tabia ya kupima hewa kwa udi. Kuta zilipopita kimo cha dirisha na paa likashikwa kwa muda na mabati, alikuja asubuhi moja na chetezo cha nyumbani, makaa yanawaka, akatia ubani na udi, akakiweka pale ambapo lingekaa kabati la kioo la kufanyia kazi za tindikali. Kisha akaketi kwenye mfuko wa saruji na kuutazama moshi. Wafanyakazi walipoona Fundi amefukiza udi katika jengo jipya wakaacha majembe, wakatoa kofia mifukoni, wakaja kukaa chini kumzunguka. Mmoja akaanza kusoma Fatiha. Fundi hakumkatiza, aliinua mikono akaitikia amina, huku jicho moja linafuata moshi.

Moshi ulipanda, ukazunguka, ukasita kidogo kama mgeni asiyejua mlango, kisha ukaenda moja kwa moja kwenye chumba cha vitabu. Uliongozwa na upepo uliokuwa unaingia kwenye madirisha yangu marefu yanayotazama bahari.

"Dua imekubaliwa," alisema Fundi, akaniangalia. "Tumeonyeshwa."

Tulihamisha ukuta mmoja, tukapunguza madirisha mawili, na juu ya paa langu lililonyooka vizuri akasimamisha bomba refu la kutolea hewa, lenye kofia, ambalo watu wa njia ya Vouvouni waliliita pua. Abiria walikuwa wakiambizana washushwe kwenye nyumba yenye pua. Nililia kidogo kwa ajili ya paa lile, nikiwa peke yangu. Lakini kazi zilipoanza, chupa ya tindikali ilimponyoka msaidizi mmoja ndani ya kabati, moshi wa rangi ya kutu ukajaa kioo chote, na ulipopotea ulikuwa umepita puani. Msaidizi alitoka akikohoa mara mbili tu. Fundi alipohadithiwa hakusema nilikuambia. Alisema, "Madirisha uliyobakisha bado ni makubwa."

Alikuwa na misemo yake, na nimegundua naitumia bila kukusudia. Hewa chafu, alikuwa akisema, ni mgeni mbaya, mwonyeshe njia ya kutoka kabla hajaketi. Ukuta ni nguo, bomba ni mshipa, na mtu hafi kwa kukosa kanzu. Kuhusu umeme alisema neno moja tu, kwamba hauonekani na kwa hiyo usitaniwe, naye kweli hakuutania. Alikuwa akigusa swichi kwa nyuma ya kidole kama anayepapasa jiko la moto. Mtu aliyetandika nyaya za jengo zima alikuwa akiniomba mimi niwashe taa.

Tena si hilo tu. Alisisitiza saa mbili kamili kila mtu awe kazini, na yeye hakupata kufika kabla ya saa tatu. Alichukia mtu anayekula akitembea, na mifuko ya koti lake ilikuwa imejaa ndizi kavu alizokuwa akizitafuna juu ya ngazi. Alikuwa akiwacheka Wangazidja kwamba kisiwa chao hakina hata mto mmoja, wanakunywa mvua kama majani, ilhali kwao Ndzuani maji yanashuka milimani yenyewe. Lakini ni yeye aliyewafundisha wenye nyumba wote wa jirani yake pale Badjanani kuchuja maji ya paa kabla hayajaingia kwenye birika, na akimkuta mtu anamwaga maji ovyo anamtazama kama aliyetukana.

Akienda kwao Mutsamudu alipanda ndege ndogo, kwa kuwa bahari ilimtapisha. Safari moja alikuwa na bomba la shaba, refu kumpita yeye mwenyewe, asilokubali kulitia kwenye mizigo kwa kuogopa lisipinde. Alilizungushia shiromani, ile nguo nyekundu na nyeupe wanayojitanda wanawake wa Ndzuani, akaingia nalo akalisimamisha baina ya magoti. Mwenye kukagua tiketi akauliza ni nini. Fundi akamjibu kwa upole kwamba ni amana ya watu. Wakaruka hivyo, yeye amelikumbatia, na bibi mmoja wa kiti cha nyuma akimpa pole kwa safari nzima, akidhani labda ni kitu cha marehemu.

Nilipopata kufika nyumbani kwake mara ya kwanza, ndani kabisa katika vichochoro vya Mutsamudu, nilitaka kunawa mikono. Mke wake akaniletea kata na ndoo.

"Mfereji hauna maji leo, Mama?" nikauliza.

"Mfereji gani?" akasema. "Huyu anasema atautia. Binti yangu huyu unayemwona alikuwa hajaota meno."

Binti mwenyewe alikuwa akimpakulia baba yake wali, mwanamke mzima, akajizuia kucheka. Fundi akala kama hakusikia. Mganga hajigangi, lakini huyu hata dawa alikuwa nayo. Uani mlikuwa na mabomba yamepangwa kwa urefu, yote mapya, na kuku wanalala juu yake.

Niseme sasa juu ya yule mzungu, maana watu wa Moroni wakimkumbuka Fundi ndicho kisa wanachokitaka kwanza.

Mamluki hawakuwa wengi, lakini mji mzima ulijua gari zao kwa sauti. Watu walishusha sauti zikipita, kisha wakaendelea na mazungumzo. Asubuhi moja gari la namna hiyo likapanda mteremko wetu, akashuka mmoja wao, mtu wa makamo, nguo nyeusi, bastola kiunoni, pamoja na askari wawili. Hakuwa mkali. Alisema kwa Kifaransa, kama anayeagiza kahawa, kwamba amesikia tuna mashine mpya ya chumba cha baridi, na kwamba yeye na wenzake wanaihitaji huko wanakokaa. Walikuja na turubai na kamba.

Katika chumba kile cha baridi kulikuwa na majani na maganda ya vanila ya utafiti wa mwaka mzima. Mkuu wa maabara, mkemia mpole wa Moroni tuliyemwita Daktari, hakuwapo. Nilikuwapo mimi. Nikajua nikisema hapana nitaulizwa mimi ni nani, na nikisema ndiyo nitaulizwa na Daktari.

Fundi akaibuka kichochoroni, amejaa vumbi, akamsalimu yule mzungu kwa adabu zote na kumwambia kwa Kifaransa chake cha kuokota kwamba mashine ni haki yake aichukue. Ila ataomba amwonyeshe inavyokaa, ili wasiiharibu njiani.

Akampeleka. Kwanza akamwonyesha mashine. Kisha akamwonyesha bomba linalotoka nyuma ya mashine, akamwambia hili limeshika ukuta. Wakaingia kichochoroni kufuata bomba. Ukuta, akamwambia, umeshika njia ya hewa, na njia ya hewa imeshika ile pua ya juu, na pua imeshika paa. Akamtaka apande ngazi akaone. Mzungu akapanda. Toka juu wakashuka upande wa tangi la maji, maana maji yanapoza mashine, na tangi nalo lina pampu, pampu ina jenereta, jenereta ina bomba lake la moshi ambalo kwa bahati mbaya linapita chini ya sakafu. Kila waliposimama Fundi alieleza mteremko, upana na sababu, na alipokosa neno la Kifaransa alilitafuta kwa mikono mpaka akalipata. Jua likapanda. Askari wawili walikuwa wamekaa kivulini wanakula ndizi kavu.

Mwishoni mzungu alisimama katikati ya kichochoro, jasho linamchuruzika, akauliza, "Kwa hiyo nikitaka mashine?"

"Utachukua na nyumba," akasema Fundi kwa masikitiko. "Tutakusaidia kufunga."

Yule mtu akajifuta jasho, akawaita askari wake. Mpaka leo sijui kama alidanganyika au alichoka, au alifurahi tu kukutana na mtu asiyemwogopa. Aliondoka na feni moja ya mezani, iliyokuwa yangu.

Nilikaa chini. Mashine ile ilishikwa na bolti nne. Nilimwona mwenyewe anazikaza.

"Fundi," nikasema, "umesema uongo."

"Wapi?" akauliza, kweli amechukizwa. "Nimesema vimeshikana. Havikushikana? Kama haviwezi kushikana nilikuwa nakuchorea nini mwaka mzima?"

Lakini nilimwona jioni ile ameketi msikitini muda mrefu kuliko desturi yake, na siku tatu zilizofuata alifika kazini saa mbili kamili.

Nisimpambe kupita kiasi. Alikuwa mbishi, na ubishi wake ulitugharimu. Mabomba ya kutolea maji machafu ya maabara Daktari alitaka yawe ya plastiki, kwa sababu tindikali hula chuma. Fundi hakuamini plastiki. Plastiki, alisema, ni ya ndoo. Akatia chuma, akakipaka ndani rangi nzito aliyoisifu kama mtu anayemsifu mkwe. Nilimuuliza mara moja kama ana hakika, akaniambia nikaangalie madirisha yangu.

Haukutimia mwaka. Bomba lilitoboka pahali pasipoonekana, juu ya stoo ambamo Daktari alitunza majani makavu aliyoyakusanya shamba kwa shamba kwa misimu miwili, kila jani na karatasi yake imeandikwa kwa mkono. Tindikali ilidondoka taratibu, siku baada ya siku. Ilipogunduliwa, sehemu kubwa ilikuwa imegeuka uji wa kahawia. Daktari hakugomba. Alikuwa akiokota karatasi moja moja, anaipuliza, anaitandaza juani, na wino umekwisha ondoka. Ningependa angegomba.

Wakubwa wakaitisha kikao. Ramani zilikuwa na saini yangu, na saini haina ubishi. Mkubwa aliyeongoza alisema maneno mengi mazuri, kisha akasema labda ilikuwa mapema kumpa kazi kama hii mwanamke kijana, tena aliyekulia nchi nyingine, na kwamba hapana ubaya mtu akirudi alikozoea. Wenzake wakatazama meza. Fundi alikuwa kwao Mutsamudu, nami sikumpelekea habari. Nilikuwa na hasira naye, na hasira ile ilinisaidia nisilie.

Mlango ukafunguliwa bila kubishwa. Sijui nani alimpelekea habari Fundi, lakini alikuwa ameshuka uwanja wa ndege akaja moja kwa moja, na kwa kuwa sakafu ya ofisi ile iling'aa, alikuwa amevua viatu kavishika mkononi.

"Bomba ni langu," alisema toka mlangoni. "Daktari aliomba plastiki, nikakataa. Huyu aliniuliza kama nina hakika, nikamfokea. Saini ni yake lakini ujinga ni wangu. Andikeni hivyo."

Yule mkubwa akauliza kama anajua anachokisema.

"Najua. Na ninyi mnajua." Nafsi ikamshinda. "Lakini madirisha yale ni yake."

Mtu mmoja akacheka, kisha wa pili, na kikao kikashindwa kurudi mahali pake. Mimi nilibaki kazini. Yeye aliachishwa. Asubuhi ya pili alikuwa kichochoroni na msumeno wa chuma, anakata mabomba yake mwenyewe kipande kwa kipande na kutia ya plastiki, na hakupatikana mtu wa kwenda kumwambia kwamba ameachishwa.

Daktari hakumsikia akiomba radhi. Sidhani alijua namna yake. Lakini msimu ulipofika, kila Jumapili alikuwa akimfuata Daktari mashambani, kabeba mfuko wa majani na mwavuli, akilalamika njia nzima jinsi watu wanavyolima bila kuangalia maji yanakwenda wapi. Daktari aliniambia kwamba ni Jumapili ya nne au ya tano hivi ndipo alipogundua kuwa amekwisha msamehe, kwa kuwa Fundi alichelewa kuja na yeye akamngojea.

Mara ya mwisho kumwona Fundi, mamluki walikuwa wamekwisha ondoka. Nilikwenda Mutsamudu kwa kazi nyingine, nikapita kwake. Nilimsalimu kwezi, salamu ya mdogo kwa mkubwa, akaitikia taratibu upande mmoja wa mdomo. Alikuwa amepata kiharusi. Mkono wa kulia umelala mapajani kama wa mtu mwingine. Binti yake alinitandikia mkeka akaniambia kwa sauti ya chini kwamba baba hatoki nje tena, hataki kuonekana.

Tulizungumza kidogo. Kisha akasema, "Twende pale."

Nilijua ni wapi. Baada ya Moroni tulikuwa tumejenga maabara ndogo ya pili, hapo Mutsamudu, ukingoni mwa mji. Kuta zilimalizika, maji yakaingia, kisha wafadhili wakabadili mawazo, na vyombo havikuja kamwe. Palifungwa miaka. Binti alisema sasa ni zahanati ya akina mama na watoto. Fundi hakuwa amekwenda kuiona.

Tulikwenda pole pole, yeye kaniegemea mimi na binti yake, tukipumzika kila kona. Ndani mlijaa wanawake na vitoto vichanga. Muuguzi mmoja, mwanamke mnene mwenye mikono ya nguo iliyokunjwa hadi juu, alikuwa akimwosha mtoto kwenye sinki. Mfereji wa sinki ulikuwa wa maabara, wenye shingo ndefu iliyopinda, tulioupandisha juu ili watu waweze kusimamisha chini yake chupa ndefu za vioo. Maji yalianguka toka mbali, yakamrukia mtoto usoni, mtoto akapiga kelele, na muuguzi akalowa kifua. Alituona tunatazama.

"Mnaona?" akasema. "Aliyejenga hapa hakupata kuosha mtoto hata siku moja."

Binti wa Fundi akafungua kinywa ajibu. Baba yake akamfinya kwa mkono mzima.

"Kweli," akasema. "Hakupata."

Alisimama akasikiliza malalamiko yote. Mfereji uko juu. Sinki ina kina kama kisima. Soketi zimejaa ukutani utadhani watoto wanazaliwa na plagi. Hewa tu, akasema muuguzi, hewa ya hapa ni nzuri hata wakiwa wengi, hajui kwa nini. Fundi hakudakia.

Alimtuma binti yake nyumbani akalete spana mbili na kipande cha bomba kifupi, kile cha tatu kutoka ukutani, chini ya kuku. Zilipoletwa akatwaa spana moja kwa mkono wa kushoto, akajaribu kuishika nati, ikateleza. Akajaribu tena. Ilipoteleza mara ya tatu akanipa mimi bila kuniangalia.

Nimejenga majengo mengi. Sikuwa nimepata kufungua nati maishani mwangu. Niliegemea sinki, yeye amesimama nyuma yangu ananikaripia. Siyo huko. Kushoto. Usiivute kama ng'ombe, isukume. Funga kwanza koki ya maji, nani alikusomesha? Sikuifunga sawasawa, na shingo ya mfereji ilipoachia maji yakanipiga kifuani na kushuka mpaka viatuni, wanawake waliokaa wakaangua kicheko, na hata yeye, upande ule mmoja wa mdomo, alicheka. Nikafunga koki. Nikatoa kile kirefu, nikatia kifupi, nikazungusha uzi wa kuzibia kama alivyosema, nikakaza mpaka akasema basi.

Muuguzi akafungua mfereji. Maji yalitoka chini, mazito, bila kurukaruka. Akajaribu kwa kiwiko, akaweka mkono chini yake, kisha akamrudisha mtoto. Mtoto akayatazama maji, akanyamaza.

"Ninyi ni nani hasa?" akauliza muuguzi.

Fundi alikuwa amekwisha geuka kuelekea mlangoni, anautafuta mkono wa binti yake.

"Huyu ndiye wa mabomba," akasema. "Mimi nimemsindikiza tu."

Muuguzi akalitazama gauni langu, lililolowa toka kifuani mpaka magotini, akaamini.